Neno Alilolikataa Mwalimu Mizani

Jina la Mizani alipewa na watoto, na watoto wakishakubandika jina hata mwajiri hawezi kulibandua. Lilitokana na mikono yake. Kila alipofundisha visawe na vinyume katika darasa la nne, alisimama mbele ya ubao akakunjua viganja viwili, kama mtu anayepima kama mvua imeanza. Akitaja neno huku viganja vimekaa sawasawa, alitaka neno lenye uzito uleule, yaani kisawe. Akipandisha kiganja kimoja na kushusha kingine, alitaka kinyume. Darasa liligawanyika mistari miwili iliyotazamana, wa mlangoni na wa dirishani, na aliye mbele alipaswa kujibu kabla Mwalimu hajamaliza kupiga makofi matatu. Jibu likiwa sahihi, kizibo cha soda kinadondoka kwenye kopo la mstari wake.

"Tajiri!" Kiganja juu, kiganja chini.

"Maskini!"

"Rafiki!" Viganja sawa.

"Sahibu!"

Vumbi likatimka, madawati yakasukumwa ukutani, na watoto wa darasa la tatu wakajazana madirishani wakiomba Mungu awavushe mwaka wafike huko. Mchezo ulikuwa na sheria mbili tu. Neno likishatumika siku hiyo limekufa, halirudiwi. Na siku ya Ijumaa, atakayetoa jibu la ushindi ndiye atakayepiga kengele ya shule wiki nzima inayofuata.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi kuukuu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo nje ya ofisi ya walimu, na pembeni yake kipande cha nondo kilichong'arishwa na mikono ya watoto. Ukiishika nondo ile, walimu wanatoka ofisini kwa amri yako, na shule nzima inakukimbilia. Hakuna mtoto wa miaka kumi aliyepata kuwa mkubwa kuliko hapo.

Binti wa pekee wa Mizani aliitamani kuliko wote. Mama yake alifariki yeye akiwa hajajua kutambaa, akalelewa na bibi, mama yake Mizani, mwanamke aliyeamini kwamba usingizi baada ya jogoo kuwika ni ugonjwa. Kila alfajiri bibi alisimama mlangoni akipiga kelele: "Hima, mke mwenzangu, hima! Maji ya kuoga yanapoa!" Jioni binti akageuza sufuria kuwa kengele, akaigonga kwa mwiko mpaka majirani wakaguna.

"Mke mwenzangu, ukiitoboa hiyo tutapikia kofia ya baba yako," bibi alimwambia.

"Nafanya mazoezi, bibi. Nikishinda nisije nikaipiga kama mgeni."

Mwaka alioingia darasa la nne, Mizani alimsimamisha kwenye geti la shule siku ya kwanza. "Ukivuka hapa," alisema, "mimi si baba. Mimi ni Mwalimu, kama kwa wenzako."

"Na nikitoka?"

"Ukitoka, mimi ni baba tena."

Binti akaona huo nao ni mchezo. Akaruka ndani: "Mwalimu!" Akaruka nje: "Baba!" Ndani, nje, ndani, nje, mkoba ukimpiga mgongoni, mpaka Mizani akacheka akasahau kwamba alitaka kuwa mkali. Baadaye, katika maisha yake yote, akifumba macho ni kuruka huko alikokuona.

Alikuwa mtu wa haki, na haki yake aliipenda kidogo kupita kiasi, kama mtu anavyopenda koti lake jipya. Aliposikia limechafuliwa, hakulala vizuri. Walilichafulia ofisini, wakati wa chai ya saa nne. Mwalimu wa hesabu, mama mwenye ulimi usiolipiwa kodi, aliitazama karatasi ya matokeo ukutani, akaona nani kaongoza darasa la nne, akakoroga chai taratibu.

"Na asiongoze kwa nini?" akasema. "Mtihani si unalala naye nyumba moja?"

Ofisi ikaangua kicheko. Mizani naye akacheka, kwa sababu asiyecheka utani ndiye anayeonekana umempata. Lakini ulikuwa umempata. Tangu siku hiyo binti yake akinyoosha mkono, Mizani alimwona wa mwisho. Alimsahihishia daftari kwa kalamu nzito kuliko ya wengine. Alijiambia huo ndio usawa.

Ijumaa moja makopo mawili yalilingana. Mbele ya mstari wa mlangoni alisimama binti. Mbele ya mstari wa dirishani mvulana aliyeitwa Bomba, kwa kuwa mdomo wake ukifunguliwa haufungiki. Mizani alitaja neno la kuamua, viganja sawa kabisa:

"Upesi!"

"Hara..." Bomba alianza, darasa likamzomea. Haraka ilikuwa imekufa tangu raundi ya pili. Bomba akabaki mdomo wazi, bomba bila maji. Kofi la kwanza. Kofi la pili.

"Hima!" binti akapaza sauti.

Watoto wakatazamana.

"Hakuna neno hilo!" Bomba akafufuka.

"Lipo! Bibi yangu analisema kila siku."

"Kwani bibi yako ni kitabu?"

Wakacheka mpaka wa darasa la tatu madirishani wakacheka bila kujua wanacheka nini. Katika kicheko hicho sauti moja ikatoka nyuma, ya mtoto wa mwalimu wa hesabu, nyembamba na safi, ikirudia maneno aliyoyasikia kwao: "Si amefundishwa? Mtihani unalala naye nyumba moja!"

Mizani alilijua neno lile kabla hajajua jina lake mwenyewe. Ndilo lililomwamsha miaka yote ya utoto wake, kwa sauti ileile, kwenye mlango uleule. Viganja vyake vilikuwa bado hewani, vimelingana. Angetikisa kichwa tu, kizibo kidondoke, na mambo yaishe. Badala yake akasikia ofisi nzima inacheka.

"Halimo kwenye kitabu chetu," akasema. "Sikulifundisha. Halikubaliki."

"Lakini Ba..." Binti akalimeza neno nusu. Akakumbuka geti. "Lakini Mwalimu, wewe unalijua."

"Kaa chini."

Alikaa. Bomba, akiwa amepata muda wa kufikiri ambao hakuna mtoto aliyewahi kupewa, akasema "Mbio!" Mizani akalikubali. Kizibo kikalia kwenye kopo la dirishani, na mstari wa dirishani ukambeba Bomba juujuu hadi nje.

Jioni Mizani alimsubiri nje ya geti. Binti akavuka bila kuruka.

"Twende, mama," akamwambia kwa upole. "Umechoka?"

"Hapana, Mwalimu."

Akadhani ni kununa, na kununa kwa mtoto hakuvuki chakula cha jioni. Lakini saa ya chakula binti alikuja sebuleni akapiga goti kwa adabu zake zote: "Mwalimu, chakula tayari." Bibi akasimamisha upawa hewani. Mjukuu alipokwenda kulala, akamtaka Mizani amweleze kisa kizima.

"Neno hilo nimelipokea kwa mama yangu," alisema, "naye kwa mama yake. Nikakuamsha nalo ukawahi shule, ukasoma, ukawa mwalimu. Leo unawaambia watoto wa watu halipo?"

"Nilitaka haki ionekane, mama."

"Haki ionekane, au wewe uonekane?"

Makofi matatu yalikuwa yamekwisha zamani.

Alikusudia kusahihisha Jumatatu. Ila Jumatatu Bomba alikuwa kwenye ringi, amevaa soksi safi kwa heshima ya kazi, na baba yake, fundi baiskeli, amesimama ng'ambo ya barabara kumtazama. Mizani angemnyang'anyaje nondo mbele ya watu? Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa na mitihani, na baada ya mitihani ni likizo. Kosa ni kama simenti. Likiwa bichi hata kidole cha mtoto kinaliandika upya. Likikauka linataka nyundo, na nyundo huacha nyufa.

Muhula mpya ulipofunguliwa aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Akawaambia watoto kwamba hima ni kisawe halali cha upesi, kwamba siku ile mwenzao alikuwa sahihi, na mwalimu ndiye aliyekosea. Darasa halikujua asemalo. Kwa mtoto muhula uliopita ni kama enzi za mababu. Binti akasimama.

"Asante, Mwalimu," akasema, akakaa.

Mchezo ukaendelea. Zamu yake ilipofika, Mizani alimchagulia neno jepesi: "Usiku!" Kiganja juu, kiganja chini. Binti akamtazama usoni, bila chuki, akasubiri. Kofi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaenda nyuma ya mstari. Ndivyo alivyofanya mpaka mwaka ukaisha. Mtihani wa karatasi aliuongoza kama kawaida. Kwenye mchezo hakutoa tena neno hata moja, na kengele hakuipiga.

Watu huhadithia ugomvi wa baba na mwana kana kwamba lazima milango ibamizwe. Kwao hakuna mlango uliobamizwa. Alikua msichana msikivu, akasomea uuguzi, akaajiriwa, akamletea Mizani mashati na dawa za mgongo. Alimwuguza bibi mpaka mwisho. Siku bibi alipozidiwa, Mizani alimwona binti akisukuma kitanda cha magurudumu kwenye korido ya hospitali akiwahimiza wenzake, "Hima jamani, hima!" Na bila kugeuka: "Mwalimu, tushikie huo mlango." Akaushika.

Pale kitandani bibi alivuta mkono wa mjukuu wake. "Mke mwenzangu, huyu mtu ana jina lake kwako. Mrudishie."

"Nimezoea tu, bibi. Sina kinyongo naye."

Mizani alikuwa ameinamia dirishani, anajifanya hasikii. Angefurahi kusikia kwamba ana kinyongo. Kinyongo kina mwenyewe, unaweza kukiombea msamaha. Mazoea utayaomba nini?

Siku ya kustaafu kwake haikuwa na makuu. Mwalimu mkuu, kijana aliyewahi kusimama mstari wa dirishani, alitoa hotuba fupi, watoto wakaimba, akapewa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo angehitaji kujua saa. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja. Shule ilikwishafunga kengele ya umeme, lakini ringi ilikuwa bado pale pale, kwa siku zile umeme ukikatika. Mizani akamwongoza mpaka pale, akachukua nondo, akaifuta kwa leso, akampa kwa mikono miwili.

"Nini tena, Mwalimu?"

"Ipige. Mkuu ameruhusu."

Binti akaigeuza nondo mkononi, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeonyeshwa gauni lake la utotoni. "Imekuwa fupi," akasema.

Aliipiga. Aliipiga vizuri, kwa pigo lililotulia, si kama mgeni. Mazoezi ya sufuria hayakupotea. Madarasani watoto wakarukaruka wakidhani wameruhusiwa kwenda nyumbani, walimu wakatoka kuwarudisha. Binti akasubiri mlio ufe wote, akairudisha nondo kwenye msumari wake, akapangusa kutu viganjani.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Akasema kama alivyosema siku ile ya ubao, kwa adabu ileile, na Mizani akaelewa kwamba alikuwa amempa mama wa miaka arobaini zawadi ya mtoto wa miaka kumi. Mtoto yule hakuwapo kuipokea. Pengine alikwisha kumsubiri makofi matatu, akaenda nyuma ya mstari.

Wakaenda getini. Mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya mapaa ya madarasa, na upepo ukasukuma karatasi uwanjani. Mizani akapunguza mwendo kwa makusudi, saa ya ukutani kwapani, ili amwone akivuka. Ukitoka, mimi ni baba tena: alikuwa ameahidi hivyo, naye hakuwahi kuamini kwamba ahadi ile imekufa kabisa, kama neno lililokwisha kutumika.

Binti akavuka kwa hatua ya mtu mzima, akageuka nje ya geti, akanyoosha mkono kupokea ile saa.

"Hima, Mwalimu," akasema, "tutanyeshewa."

Tone la kwanza lilimdondokea binti kiganjani. Mizani akakaza mwendo, kwa kuwa hilo neno alilijua, na safari hii alitaka aonekane analijua.