Mstari Mmoja wa Ngoro

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi nilivyoazimwa na mjomba wangu, na kufika saa nne asubuhi vilikuwa vyekundu kwa udongo wa Mbinga. Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alisoma barua yangu ya kuripoti akiwa amesimama.

"Unatoka wapi?"

"Mbaha, mzee. Kando ya ziwa."

"Huko mnalima mihogo kwenye mchanga. Hapa watu wanalima ukutani." Akanyoosha kidole dirishani kuelekea milimani. "Kamata hii."

Alinipa fimbo ya mninga yenye alama zilizochongwa kwa kisu, kila alama sentimita kumi. Akaniambia kila shamba nitakaloingia nipime kina cha shimo la ngoro na kukiandika kwenye daftari. "Sitaki hadithi," alisema. "Nataka vipimo." Fimbo hiyo nilitembea nayo miaka thelathini na miwili, na sasa imetundikwa ukutani sebuleni kwangu, ijapokuwa haikai hapo mwaka mzima, kama nitakavyoeleza.

Ninyi mabwana na mabibi shamba wa leo, mnaopima mashamba kwa simu, huenda mmeiona ngoro kwenye picha tu. Ni kilimo cha Wamatengo cha kwenye miteremko mikali. Mwanaume anafyeka nyasi kwa nyengo, anaziacha zikauke, kisha anazilaza shambani kwa mistari inayokatana, hadi mlima unajaa miraba kama ya daftari la hesabu. Hapo kazi yake imekwisha, anakwenda zake. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba katikati ya kila mraba, na udongo anaurusha pembeni kufukia nyasi. Maharage yanapandwa juu ya tuta hilo. Mvua ikinyesha maji yanatuama shimoni badala ya kukimbia na udongo hadi bondeni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha.

Wiki yangu ya pili nilimkuta msichana mmoja akichimba peke yake kwenye mteremko ambao mimi niliuparamia kwa magoti. Nikachomeka fimbo yangu shimoni.

"Unapima nini, Bwana Shamba?" akaniuliza.

"Kina."

Akacheka mpaka akaegemea mpini wa jembe. Nilidhani ni utovu wa adabu. Baadaye nikadhani ananipenda. Hilo la pili lilikuwa kweli, maana tulifunga ndoa parokiani baada ya mavuno, lakini nilichelewa sana kujua alichokuwa anakicheka. Jina lake Emerensiana. Tangu tupate mtoto watu wanamwita Mama Osmundi, na yeye hadi leo ananiita Bwana Shamba, hata akiwa amekasirika. Hasa akiwa amekasirika.

Tulihamishiwa Chiwanda, kusini karibu na mpaka, kwenye joto na mbu. Mkuu wangu huko alikuwa Afisa Kilimo wa Tarafa, mzee mwenye kitambi na msemo mmoja: "Shamba halisomi barua." Kila nilipomletea waraka wa wizara aliniambia hivyo, kisha ananituma shambani. Mama Osmundi aliishi Chiwanda miaka saba akilalamika kwamba ardhi ya tambarare inamchosha macho. Kila Machi alipanda gari kwenda kwao kuchimba ngoro zake, hata akiwa na mimba. Nilimwambia kwamba kuna mama wa Chiwanda anayeweza kumwazima shamba la mihogo. Akanijibu kwamba kwao mwanamke asiyechimba ngoro Machi, watu huanza kuulizana matanga ni lini.

Niliporudishwa Mbinga nilikuwa msimamizi wa maafisa ugani wa kata sita. Ndipo, mwaka wangu wa mwisho kazini, Mama Osmundi aliponiita chumbani asubuhi moja, akashika mkono wangu na kuuweka juu ya titi lake la kushoto. Lilikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya kahawa, ila mkubwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kahawa ilipoanza kuiva."

Kahawa ilikuwa imeshachumwa, imeshamenywa, imeshakaushwa na imeshapelekwa chama cha msingi. Alikuwa amekaa na kitu kile msimu mzima, akisubiri kazi iishe. Nilipandwa na hasira, nami sioni haya kusema. Nilimfokea mpaka nikakaukiwa sauti, kisha nikakaa chini nikalia. Yeye ndiye aliyekwenda kunichemshia chai.

Mkuu wangu wakati huo alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Nilipoingia ofisini kwake alisimama kwanza. "Shikamoo, mzee." Nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja. Alinisogezea karatasi na kalamu: "Barua ya likizo iandike hapa hapa mezani kwangu, nami nisaini kabla hujatoka." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na huyo ndiye ninayemkumbuka kwa jina katika sala zangu.

Hospitali ya rufaa ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Walimfanyia upasuaji Desemba, kisha zikafuata dripu za dawa, mizunguko sita, kila mmoja baada ya wiki tatu. Nilikwenda huko kama mkaguzi. Nilikuwa na daftari: joto la mwili, siku aliyotapika, siku aliyokula, idadi ya chembe nyeupe za damu, maana hizo zikishuka mno dawa haiwekwi. Muuguzi mkuu wa wodi aliniona nikiandika, akasema, "Baba, wewe ungefaa kuajiriwa hapa." Nikavimba kichwa.

Dawa yenyewe ni nyekundu kama maji ya rozela. Ilimwangusha nywele zote ndani ya mwezi mmoja. Alitamani usipa, dagaa wa ziwani kwetu, dada yangu akatuma kutoka Mbaha kifurushi kizima, lakini harufu yake ilipomfikia alitapika mpaka akashika ukuta. Usipa huo niliula mwenyewe nje, nimesimama karibu na bomba la maji, na sijawahi kula samaki kwa uchungu namna ile. Usiniulize niliandika nini daftarini siku hiyo. Niliandika: hakula.

Baada ya mzunguko wa pili tulirudi nyumbani Mbinga. Februari ilikuwa inaisha. Nyasi za shamba letu la mlimani nilikuwa nimezifyeka kabla ya safari, zimekauka vizuri. Jioni ya pili nikiwa namwekea mto mgongoni, akasema kwa utulivu kabisa:

"Safari hii siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Machi imeingia. Nikirudi kutoka huko nitakuwa siwezi hata kushika kijiko, ngoro zitachimbwa na nani? Nyasi zitaoza juu ya ardhi."

Daktari alikuwa ametuonya mapema. Alikuwa kijana mpole, akaongea naye kama na mama yake: "Mama, dawa hii ina zamu zake. Ukiruka zamu, ugonjwa unapata nafasi ya kunyanyuka, na unaponyanyuka unakuwa mkaidi." Nilimkumbusha mke wangu maneno hayo. Akageukia ukuta. Osmundi, mwanetu, anayeendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, alipita akiwa na vumbi jeusi hadi kwenye nyusi, akasema ataleta vibarua.

"Vibarua wafukie nyasi zangu nusu nusu?" mama yake akamjibu. Wanawake wa kitongoji nao walikuwa na huruma, ila Machi ni moja, na kila mmoja alikuwa na mlima wake.

Nikasema, "Nitachimba mimi."

Aligeuka kutoka ukutani. "Mwanaume hachimbi ngoro."

"Nimekagua ngoro miaka thelathini na miwili, Mama Osmundi."

Akacheka. Kicheko kile kile cha mpini wa jembe, ila chembamba. Nilikuwa sijakisikia tangu kahawa ilipoiva, nikaona lililobaki ni kulishika neno langu. Akaniwekea sharti: shamba likiisha kuchimbwa kabla ya siku ya basi, anakwenda. Lisipoisha, haendi, na nisimletee daktari wala padri. Zilibaki siku kumi na moja.

Kesho yake alfajiri nilipanda. Nililaza nyasi mistari minyoofu kuliko yote iliyowahi kuonekana mlimani pale, kisha nikashika jembe. Mchana wa kwanza mikono ilitoka malengelenge. Njia ya kwenda kisimani inapita chini ya shamba letu, na Mzee Hyera, jirani yetu, alisimama pale akiwa na nyengo yake begani.

"Bwana Shamba! Mkeo amekuachia na kanga, au jembe tu?"

"Jembe tu. Kanga muulize mkeo akuazime."

Nilijibu kwa ujeuri, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Mlimani kwetu mtu anaweza kunywa, anaweza hata kuuza kahawa ya mkewe, watasema kidogo na kusahau. Kuchimba ngoro wangenisimulia hadi kwa wajukuu. Niliendelea kuchimba. Kila shimo nililipima kwa fimbo yangu, na mashimo yangu yalikuwa na kina kimoja, yote sawasawa, kama yametoka kiwandani.

Siku ya nne Mama Osmundi alijikongoja hadi shambani, kitambaa kichwani, akipumzika kila hatua ishirini. Nilimwekea gogo akalie. Nikasimama kando nikisubiri sifa.

Aliyatazama mashimo, kisha matuta. "Bwana Shamba, hapa unazika mbuzi wangapi?"

"Vipi?"

"Haya ni makaburi. Njoo hapa." Akainama kwa shida, akaingiza kiganja kwenye tuta, na udongo ukamwagika, nyasi zikabaki uchi. "Umechimba chini, udongo mwekundu wa chini ndio umeuweka juu. Nao ni mchache. Maharage yatakula nini? Mvua moja tu, tuta limekwenda." Akajifuta mkono. "Tangu siku ile ya kwanza unachomeka fimbo yako shimoni. Ninyi wa ofisini mnaona shimo. Shimo ni mahali tulipotoa udongo tu. Ngoro ni tuta."

 Nimeandika taarifa ngapi kuhusu kina cha mashimo? Nimewafundisha vijana wangapi? Nilikumbuka wanawake waliokuwa wakinitazama napima, wakitazamana wao kwa wao, wakiniamkia kwa heshima. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu sikuwahi kumuuliza yeyote kitu ambacho hakikuwa na nambari. Na pale pale nikalikumbuka daftari langu la hospitali. Kurasa nzima za joto na damu, na hakuna mahali nilipoandika kwamba mke wangu anaogopa. Nilikuwa sijamuuliza.

Nikakaa chini, karibu na gogo.

"Unaogopa, Emerensiana?"

Akaokota kijiti karibu na mguu wake. "Naogopa kwamba nitakwenda kule nikiwa mtu, nirudi nikiwa mgonjwa tu. Humu shambani bado ni mtu."

Niliyavunja mashimo yote ya siku nne. Yeye akiwa juu ya gogo, akinionyesha kwa kijiti, nilijifunza kukwangua udongo mweusi wa juu kwanza, kuurundika kwa pande zote nne, kulipiga tuta kwa bapa la jembe. Kulipokucha niliingia tena, na siku iliyofuata tena. Siku ya saba Mzee Hyera alikuja, safari hii hakusimama njiani. Alikuwa na jembe la mpini mfupi.

"Mke wangu amenituma nikuulize kama unalihitaji hili," alisema akitazama pembeni.

"Nashukuru. Liache hapo."

Hakuliacha. Alichimba hadi saa sita, mgongo akiwa ameuelekezea njia, asionwe uso. Kesho yake alirudi mwenyewe, bila kuitwa na mtu.

Jioni ya kuamkia safari ulibaki mstari mmoja, wa juu kabisa, nyasi zimelazwa lakini hazijafukiwa. Kiza kilikuwa kinaingia na mikono yangu haikunjiki tena. Mama Osmundi alikuwa gogoni, mfuko wa safari haujafungwa. Nikashika jembe.

"Acha," akasema.

"Sharti ni sharti. Nitaumaliza."

"Nimesema uache. Huo ni wangu. Nikimaliza dripu zao nitakuja kuuchimba mwenyewe." Akanyanyuka peke yake, akakung'uta kanga. "Twende ukanifungie mfuko."

Tulikwenda. Mzunguko wa tatu, wa nne, wa tano. Wa tano alilazwa siku kumi na nne kwa homa, na kuna asubuhi niliyoitwa na muuguzi mkuu nikadhani naitwa kuambiwa amekwisha. Sikufungua daftari. Nilikaa kitandani nikamsimulia maharage yameota kwa namna gani, kipande kwa kipande, nikianzia bondeni. Nilipofika juu akafungua macho, akauliza, "Na wangu?" Nikamwambia una nyasi tupu, na watu wanauliza mwenyewe yuko wapi. Wa sita ukapita. Kisha mionzi, wiki tano. Nilistaafu nikiwa wodini. Barua yangu ya kuagwa aliisoma yeye kwa sauti, wagonjwa wenzake wakapiga makofi.

Machi iliyofuata, mahindi yaliyochukua zamu ya maharage yakiwa yamesimama shamba zima, alipanda na jembe lake. Ule mstari mmoja ulimchukua siku sita. Nilikatazwa kusogea. Alipomaliza alikaa juu ya gogo, nywele zimeota fupi kama za mtoto, akala ugali na usipa mbele yangu bila kutapika.

Daktari bado anamwita kila baada ya miezi sita, na kila safari tunakwenda na hofu yetu, hatuidanganyi. Mzee Hyera sasa anachimba hadharani na kujisifu kwamba ndiye aliyeanza. Mimi kila Machi nachimba shamba lililo na zamu ya ngoro, maana maharage na mahindi hupokezana, mstari wa juu namwachia mwenyewe. Na kila Machi, nikishamaliza, Mama Osmundi anaishusha fimbo yangu ukutani, anapanda nayo mlimani, na kupima matuta, moja baada ya jingine, bila haraka.

Mwaka huu alisimama kwenye tuta la katikati, akalipima mara mbili.

"Bwana Shamba," akaniita, "hili rudia."

Nikarudia.