Kufuli la Baba na Sahani ya Waifai

Baba yangu unamsikia kabla hujamwona. Funguo zake zinaning'inia kwenye mkanda, na akitoka chumbani kwenda jikoni nyumba nzima inajua. Alikuwa mtunza bohari wa kiwanda cha uchapaji tangu ujana wake mpaka alipostaafu, akilinda karatasi, wino na makopo ya gundi, na wenzake kazini wakambandika jina la Kufuli. Jina lilimfuata hadi nyumbani, wala hakulikataa. Mama peke yake ndiye asiyemwita hivyo. Humwita Baba watoto, na siku akikasirika humwita bwana bohari.

Sisi watoto tumekulia kwenye nyumba ya kufuli. Enzi za simu ya mezani, simu yetu ilikuwa na kikufuli kwenye duara la namba. Vikombe vizuri vimo kabatini, vinasubiri wageni ambao mpaka leo sijawaona. Rimoti ya televisheni haijawahi kuvuliwa mfuko wake wa nailoni, na ukitaka kubadili chaneli lazima ubonyeze kwa hasira. Usidhani ana mkono wa birika. Mwombe Baba shati lake, atakuvulia papo hapo. Yeye anaamini tu kwamba kitu kisichofungiwa kinaharibika, na hapo humtoi hata kwa winchi.

Basi ilipoingia intaneti mtaani kwetu, ruta ikawekwa sebuleni, pale waya wa kampuni ulipoingilia, na nywila akajitwalia Baba. Hakuna aliyeambiwa. Ukitaka kuunganishwa unampa simu yako, anakugeuzia mgongo, anaandika kwa kidole kimoja huku akihema, kisha anakurudishia. Hata kaka yangu mkubwa, mtu mzima mwenye mke na mvi, alikuwa akigeuziwa mgongo vilevile.

Haya yote yalikuwa ya kuchekesha tu, mpaka Mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Hospitali walimfanyia upasuaji wakaturudishia akiwa na fremu ya kutembelea, na agizo la mazoezi kila asubuhi. Kliniki iko mbali na safari ya gari ilimuumiza, kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mpole ambaye Mama anamwita daktari, akakubali kumfundisha kwa video. Mama analala kitandani, mimi nashika tableti, daktari anaangalia mguu unavyopanda na kushuka. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi kabisa.

Shida ni nyumba yenyewe. Chumba cha wazazi kiko nyuma kabisa, mwisho wa korido, ukishapita jiko na bafu, na aliyejenga nyumba hii alimwaga zege kana kwamba anasubiri vita. Waifai ikifika huko imeshachoka. Bando la simu nalo huko nyuma ni la kubahatisha. Daktari anasema, "Inua mguu, usishushe kwanza," halafu picha inaganda, mdomo wake wazi, na Mama anabaki na mguu hewani akingoja amri. Siku moja alingoja mpaka machozi yakamtoka. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa hasira ya kuwa mtu mzima aliyeachwa na mguu juu.

Kaka alikuja siku hiyohiyo. Akakaa sebuleni, akavunja vidole, akasema alilokuwa nalo.

"Baba, kwangu intaneti inashika mpaka bafuni. Mama akae kwangu mpaka atembee."

"Kwani hapa hatatembea?"

"Hapa anagandishwa, Baba."

Wakavutana, kisha wakakubaliana kwamba masomo yakiendelea kukatika, Jumamosi Kaka atakuja na gari kumchukua. Nikadhani Mama atakataa. Hakukataa. "Nataka kutembea," alisema. "Atakayenitembeza ndiye nitakayemfuata." Baba akajibu, "Sawa," akatoka kwenda kukagua kufuli la geti mchana kweupe. Huyu ni mtu ambaye hajui chumvi inakaa wapi, na tangu amuoe Mama hajawahi kubaki peke yake kwenye nyumba hii. Nilimtazama anavyolivutavuta lile kufuli, nikamwonea huruma.

Mimi ndiye kitinda mimba, niliyebaki nyumbani, na ninauza kwenye duka la dawa. Mteja wetu mmoja ni fundi wa mitandao, dada mwenye maneno mengi na ngazi yake mwenyewe. Nikamwomba aje. Alikuja akatembea na simu mkononi kuanzia sebuleni, akiangalia nguvu ya mawimbi, na alipofika mlango wa jiko akaanza kutikisa kichwa.

"Si tununue kile kidude cha kuchomeka ukutani, kinachorudia waifai?" nikamuuliza.

"Kile kinarudia kinachokisikia. Huku nyuma hakuna cha kusikia, dada. Tuvute waya."

Akavuta waya kutoka kwenye ruta, akaupitisha juu ya dari hadi kwenye korido, nje ya mlango wa wazazi. Pale ukutani, juu, akafunga kifaa cha kurushia waifai, cheupe, bapa, cha mviringo. Umeme wake unapita kwenye waya uleule, kwa hiyo hakikuhitaji hata soketi. Mama alipokiona kupitia mlango uliokuwa wazi akauliza nani ametundika sahani, na tangu hapo jina likawa sahani.

Fundi akakaa sakafuni na kompyuta mapajani, akawa anatueleza anachofanya. "Sahani naipa jina lilelile la ruta, na paswedi ileile. Ukitembea na tableti, itahama yenyewe kutoka huku kwenda kule, wala hutajua. Ila kugawa anwani, zile namba za kila simu mtandaoni, namwachia ruta peke yake. Nikiwaacha wagawe wote wawili, nyumba itakuwa na mabosi wawili, mtavurugana."

"Hapa bosi ni mmoja, binti," Mama akadakia kutoka kitandani. "Muulize mwenye funguo."

"Haya mzee, paswedi?"

"Geukeni," Baba akasema.

Tukageuka, mimi na fundi, tukatazama ukuta kama watoto waliofanya makosa darasani, huku mabega ya fundi yakitikisika kwa kicheko. Baba akaandika kwa kidole kimoja. Ilichukua muda wake.

Baada ya hapo fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mama, akampigia rafiki yake video, na picha ikatulia tuli. Mama akampungia mkono mtu asiyemjua. Mimi nilitaka kurukaruka. Baba alikuwa amesimama koridoni, shingo juu, anaikagua sahani.

"Na hii inakaa hivihivi? Wazi?"

"Wazi, mzee wangu."

"Vumbi?"

"Unafuta na kitambaa kikavu."

"Mjusi je?"

"Mjusi apite zake, hana neno nayo."

Baba akaanza kuipima kwa macho. Ningekuwa na akili ningeyaogopa yale macho. Lakini nilikuwa na zamu ya mchana dukani, nikaenda zangu, na niliporudi jioni nimechoka nikaingia moja kwa moja chumbani kwangu, ambacho kiko upande wa mbele. Nilisikia harufu ya rangi. Nikasema ni ya majirani.

Asubuhi nikaingia kwa Mama kupitia koridoni, giza bado, tableti mkononi, nimevimba kichwa kwa kazi yangu nzuri. Daktari akatokea, akasalimia, akasema, "Leo tuinue mguu juu zaidi kidogo," akaganda.

Mguu wa Mama ulikuwa hewani. Safari hii hakungoja. Aliushusha mwenyewe, polepole, akavuta shuka, akasema bila hasira yoyote, "Mwambie kaka yako Jumamosi aje mapema."

Ule utulivu wake ndio ulionimaliza. Nikamtwangia fundi simu, na maneno yaliyonitoka siwezi kuyarudia yote. Nilimwambia ametuuzia sahani ya plastiki, nikamwambia anakula kwa machozi ya wagonjwa. Aliniacha nimalize.

"Dada, punguza moto. Nenda pale chini ya kifaa, uniambie taa inawaka rangi gani."

Nikatoka koridoni, nikawasha taa, nikatazama juu. Sahani haikuwapo. Mahali pake palikuwa na boksi la chuma, limepakwa rangi ya kijani na rangi haijakauka vizuri, limekazwa ukutani kwa boliti nne. Kwa chini lilikuwa na vitundu vidogo vilivyotobolewa kwa mstari ulionyooka. Kwa mbele lilikuwa na kufuli.

"Dada? Taa?"

"Fundi," nikasema, "taa siioni. Naona kufuli."

Nikasikia anacheka, anajaribu kuzungumza, anashindwa, anacheka tena. Alipopata pumzi akasema, "Chuma kinazuia mawimbi. Mtoeni huko jela jamani, hana kosa." Nikamwomba radhi kwa yote niliyomwambia. Akasema ameshasikia makubwa zaidi ya hayo.

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hasira ikanipanda upya.

"Baba! Nani aingie humu ndani, apite sebuleni, apite jikoni, aje kuiba sahani ya ukutani? Nani?"

"Sikuogopa wizi."

"Sasa uliogopa nini?"

Alikuwa anazichezea funguo, anazitazama moja moja kana kwamba hajui ya wapi ni ipi. "Niliogopa isije ikaharibika," akasema. "Ikiharibika, anaondoka. Nikaiwekea vitundu ipumue."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi na Mama alikuwa amesikia kila neno, najua, kwa sababu hata kitanda kilikuwa kimya. Baba akalifungua lile kufuli, akaenda kuleta spana, akaling'oa boksi mwenyewe. Sahani ikabaki wazi ukutani, kitu cha kwanza cha thamani ambacho Baba amewahi kukiacha bila kukifunika. Lile boksi sasa liko jikoni, nawekea vitunguu.

Kesho yake somo lilikwenda mpaka mwisho, na Ijumaa vilevile. Ijumaa Mama alisimama kwa fremu kando ya kitanda na daktari akampigia makofi, na makofi yenyewe tukayasikia yote bila kukatika. Lakini Kaka alikuwa ameshaandaa chumba, wifi ameshatandika kitanda, na Mama hakuwa amesema tena habari ya kwenda au kubaki. Begi lake lilikuwa limefungwa, limewekwa kando ya mlango wa sebuleni. Baba alikuwa akilizunguka kila anapopita.

Jumamosi Kaka aliingia wakati wa somo. Nikamwonyesha kidole mdomoni, akasimama sebuleni, ufunguo wa gari mkononi. Niliporudi kule nyuma, daktari alikuwa anasema, "Mama, leo nataka utoke chumbani. Kuna mtu wa kunishikia tableti mbele yako, nione miguu?"

"Mimi," Baba akasema, kabla sijafungua mdomo.

Akawa anarudi kinyumenyume, tableti kifuani, uso wake umekazana. Mama akasukuma fremu, akapiga hatua. Wakatoka mlangoni. Wakapita chini ya sahani. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, mikono tayari, na macho yangu yako kwenye kile kipande cha korido baada ya jiko, pale ambapo picha ilikuwa ikifia siku zote. Daktari akawa anaongea, "Kisigino kwanza, vizuri, kisigino kwanza," wakapita jiko, wakapita kile kipande, na daktari akaendelea kuongea. Hakuganda hata neno moja. Sahani ilimkabidhi kwa ruta na hakuna aliyejua.

Ndipo nikagundua kwamba kuna mlio niliouzoea haupo koridoni. Mama naye aligundua.

"Funguo zako ziko wapi?"

"Nimeziacha kitandani. Zinapiga kelele, usingemsikia daktari."

Mama akafika sebuleni, akakishika kiti chake, akakaa kwa uzito wake wote. Alikuwa anahema, jasho linamtiririka shingoni, na uso wake ulikuwa umechanua. Kaka alijifuta macho kwa kiganja, akijifanya anakuna pua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, twende basi? Au vipi?"

"Muulize baba yako."

Baba alikuwa bado ameikumbatia tableti. Akamtazama Kaka, akalitazama begi, akamtazama Mama. "Sitaki aende," akasema. "Nataka akae hapa na mimi."

"Heri mimi nikate simu," daktari akasema kutoka kifuani kwake, na sote tukashtuka kwamba bado yupo.

Mama akaanza kucheka. "Miaka yote hii, bwana bohari! Umengoja mpaka na daktari asikie." Akaufuta uso kwa ncha ya kanga. "Begi langu lirudisheni chumbani. Na nyie kaeni, mnywe chai. Kwenye vile vikombe vya kabatini."

Kaka akaliacha begi palepale kwanza, akaketi, akatoa simu yake mfukoni. Akamnyooshea Baba kama ilivyo desturi, na yeye mwenyewe akageukia ukuta.

"Hapana, geuka huku, andika mwenyewe," Baba akamwambia. Akaitaja nywila palepale, kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, sote tukiwa tunamsikia.

Kaka akaandika. Simu ikakataa.

"Herufi ya mwisho ni kubwa," Mama akasema, bado anahema. "Huwa anasahau."