Mtamba wa Mahari na Gitaa la Mjomba

Majuzi nilikuwa kijijini kwetu Ngulyati kwenye harusi. Kijana mmoja akanionyesha kwenye simu yake mzee anayepiga gitaa katika ukumbi wa Ulaya, akaniambia kwa kujiamini kwamba huyo ni mtu wa Dar. Wa Dar wapi. Huyo ni mjomba wangu, na pamba ya hapahapa kaipalilia.

Kaipalilia vibaya, lakini. Kabla ya hapo alikuwa mpiga solo wa bendi ya ushirika wa pamba, Bariadi mjini. Siku hizo kila bendi ya dansi ilijiita jazi; jazi yenyewe alikuja kuipiga baadaye sana. Ikaingia enzi ya ruksa, ya biashara huria, wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, ushirika ukayumba, na magitaa, kwa kuwa yalikuwa mali ya ushirika, yakafungiwa ghalani. Mjomba akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bibi, mama yake, alifurahi mno. Muziki hakuupenda, alitaka mwanawe aoe, ajenge jirani. Alikuwa amemwekea mtamba mwekundu wa kuanzia mahari. Asubuhi alituchemshia michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala na karanga, kisha sote shambani. Huko mjomba alikuwa akisimama katikati ya mstari, jembe kalikumbatia, vidole vya kushoto vikitembea juu ya mpini. Sisi watoto tulicheka hadi tukakaa chini. Bibi hakucheka. Jioni hakugusa ugali.

"Ng'wanone, mwanangu," alimwambia kesho yake, "peleka mtamba mnadani, ukanunue hilo gitaa."

"Na mahari, mama?"

"Wewe ulishaoa."

Alijua anampoteza. Hata mimi nilijua, nikalia. Mjomba alirudi kutoka Mwanza na gitaa lake, akatupigia uani mchana kutwa, Bibi akipepeta mchele na kujifanya hasikii, huku bega moja likimcheza. Wiki haikuisha, mjomba akaenda Dar. Akaanza na mahoteli, akamalizia Ulaya. Bibi alimfuatilia kwa redio. Mtangazaji akishamaliza kumsifu mwanawe, yeye alituuliza, "Wamesema kama amekula?"

Leo Bibi hayupo na nyumba yake imeanguka. Mjomba akija Bariadi hufikia gesti kama mgeni, na hilo huniuma. Safari iliyopita nilimuuliza mbona gitaa kaliacha Dar.

"Huku nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia," alisema, "naye alikuwa hapendi muziki."