Kadi ya Watu Watano

Msinionee huruma mkimaliza kusoma. Nilichofanya nilikifanya mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu timamu, na hakuna aliyenilazimisha. Nimekaa nacho muda mrefu nikijiambia ni jambo dogo. Si dogo jamani, na sasa limenishinda.

Naishi Ilomba, hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Leo yuko Tunduma, keshokutwa yuko Dar, nyumbani anakuja kama mgeni. Tuna watoto watatu. Hivyo ndivyo nilivyozoea kujibu kila nikiulizwa, na kosa langu lote limekaa hapo, maana nyumbani kwangu watoto walikuwa wanne.

Wa nne ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nitamwita Wini, ingawa si jina lake. Mama yake alifariki Wini akiwa hajaanza shule, na baba yake hatujui alikoishia. Nikamchukua. Sisi watu wa Iringa, na nadhani hata ninyi wengine, mtoto wa dada yako ni wako, hakuna cha kujadili. Alikuwa ananiita mama. Nilimvisha, nilimsomesha, nilimchapa alipokosea kama nilivyowachapa wenzake. Mtu angeniambia namtenga, ningemtukana mpaka akimbie.

Sasa, nje kidogo ya mji wakafungua sehemu ya michezo ya watoto. Kuna mabwawa ya kuogelea, magari ya kugongana, treni ndogo, na bembea kubwa la kuzunguka ambalo ukifika juu unaona mabati ya mji mzima. Kila mtu Mbeya akawa anaongelea huko. Watoto wakanisumbua, nikawapeleka wote wanne. Getini tiketi ni ya kila kichwa, na ndani huruhusiwi kuingia na chakula chako, unanunua chipsi zao kwa bei ya kukukomoa. Niliona roho inanitoka. Lakini siku ile Wini alipanda lile bembea kubwa mara kwa mara, na kila likishuka nilimsikia anacheka kuliko wote. Sikuwahi kumsikia anacheka hivyo.

Wini ndiye aliyesoma kile kibao cha getini. Kulikuwa na kadi ya mwaka, unalipa mara moja, familia inaingia siku yoyote mpaka mwaka uishe. Jioni tunachambua mchele, akanianza.

"Mama, ulisoma habari ya ile kadi?"

"Niliisoma. Ghali."

"Si ghali, mama. Tukienda mara moja tu kila mwezi, mwaka haufiki nusu inakuwa imejilipa. Kuanzia hapo tunaingia bure."

Nilicheka, nikamwambia atakuwa mhasibu. Lakini mimi ni mtu wa kupenda nafuu, likisemwa neno bure nageuka shingo. Wini aliijua hiyo tabia yangu, akawa ananichokonoa kila siku. Hata mume wangu alipopiga simu, yeye ndiye aliyemwelezea, baba hivi, baba vile, mpaka mwenyewe akatuma hela akisema huyo mtoto amemshinda kwa hesabu. Hebu nielewe hapo. Kadi ile ilinunuliwa kwa maneno ya Wini.

Tulikwenda Jumamosi. Wote wamependeza, kwa sababu tulisikia mnapigwa picha. Wini alikuwa amejisuka mwenyewe kwa kioo. Pale dirishani kulikuwa na binti mmoja mpole, akachukua kalamu.

"Kadi ni ya watu watano, mama. Niandike akina nani?"

"Baba, mama na watoto watatu," nikajibu.

Akanyanyua macho. "Watoto naona wanne. Baba amekuja?"

"Yuko safarini."

"Basi ukipenda tumwache baba, awe analipa getini siku akija, nafasi yake nimwandike huyu dada. Wenye waume wa safari wengi wanafanya hivyo."

Alikuwa ananishauri vizuri kabisa, yule binti, Mungu ambariki. Ila nyuma yangu kwenye foleni alisimama mama mmoja tunayesali naye. Huyo mama alishapitisha maneno kwamba mume wangu ana mke mwingine Tunduma, ndiyo maana haonekani. Nikahisi masikio yake mgongoni kwangu. Nikaona nikimtoa baba kwenye kadi ya familia, kesho habari iko kanisani.

Nikasema kwa sauti ili asikie, "Kadi ya familia bila baba ni familia gani? Andika baba."

"Na huyu dada?"

"Huyu ni wa marehemu dada yangu. Yeye atakuwa analipiwa siku akija."

Wini alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika sweta la mdogo wake wa mwisho. Alisogea tu kando ili wapiga picha wapate nafasi, na wenzake wakampa masweta yao ayashike, watokee vizuri. Baada ya picha watoto wakang'ang'ania kuingia. Nikamwambia Wini atusubiri kwenye benchi la nje, hatukawii. Tulikawia mpaka jua likaanza kushuka.

Mtu akiniuliza kama kadi ya mwaka ina faida, nitamwambia kwa hesabu inayo. Wini hakukosea hesabu. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba kitu ukishakilipia kinakutawala. Kila Jumapili tukitoka ibadani, huko. Mnaijua baridi ya Mbeya ya katikati ya mwaka? Ukungu umekaa mpaka saa sita, watoto wanatetemeka ukingoni mwa bwawa, meno yanagongana, na mimi nimejifunga kitenge mpaka kichwani nawafokea, "Ingieni majini, imelipiwa hiyo!" Wakarudi na mafua. Wiki inayofuata, huko tena.

Na Wini anabaki kuangalia nyumba. Hilo lilikuja lenyewe, hakuna siku nililipanga. Mwanzoni niliona kumlipia yeye tiketi ya getini kila mara ni kuiharibu nafuu ya kadi, sasa nafuu iko wapi kama bado natoa hela? Nikawa nasema wiki ijayo. Halafu akaingia darasa la saba, nikapata sababu nzuri zaidi, kwamba asome. Wadogo zake waliuliza mara chache, "Dada Wini haendi?" kisha wakaacha. Tukirudi tunakuta chakula kimeiva, maji ya kuoga yamechemka, na yeye anawaanikia wenzake nguo za kuogelea. Nikawa namsifia kwa majirani kwamba nimepata binti.

Mume wangu mwaka ule alikwenda mara moja tu. Alivua viatu akalala kwenye nyasi mpaka tunaondoka. Hiyo ndiyo nafasi niliyoilinda.

Pasaka nilimlipia Wini. Nilitaka roho yangu itulie. Lakini mdomo wangu mnaujua sasa. Pale getini natoa noti nikamwambia, "Leo ufaidi kwelikweli, tiketi yako peke yake ni mboga ya wiki nzima." Nilikuwa natania, au niseme nilidhani natania. Tukaingia, nikakutana na wenzangu, tukapiga soga. Mchana narudi kwenye meza yetu namkuta amekaa, mabegi yetu yote ameyakusanya miguuni.

"Mbona hupandi kitu?"

"Nitapanda, mama mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo. Mimi ni mdogo wake mama yake, kwa hiyo hakukosea, ndivyo ninavyopaswa kuitwa. Nilishtuka kidogo kisha nikajisemea ni mambo ya ukubwa, ameanza kujua undugu. Jioni tunatoka, mdogo wake akasema dada hajapanda hata treni. Unajua nilifanya nini? Niligomba. Njia nzima nilimsema kwa kuipoteza tiketi. Alisema samahani.

Tangu siku ile sikuitwa mama tena, na wala hakukosa adabu hata mara moja. Kazi alifanya, shikamoo alitoa, masomo alisoma. Angekuwa jeuri ningejua pa kumshika.

Alipomaliza mtihani wa darasa la saba akaomba akamsalimie bibi yake, mama yangu mzazi, anayekaa pembeni ya mji wa Iringa. Nikamruhusu, apumzike huku akisubiri matokeo. Matokeo yakatoka, amefaulu vizuri. Nikamnunulia begi jipya na viatu vya shule, nikapanda basi la asubuhi kwenda kumchukua. Njiani nilikuwa na furaha. Kadi ilikuwa inakaribia kuisha na mimi nilishaamua moyoni kwamba mpya nitamwandika yeye.

Mama alinipokea uani. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akanikalisha, akanipa chai. Kisha akasema, "Mtoto ameomba abaki hapa. Nafasi kwenye sekondari ya hapa tumeshapata."

Nikaruka. "Mama! Mbona hamkuniambia?"

"Alisema atakwambia mwenyewe ukija. Mimi sikumfundisha. Nilimuuliza kama mnamtesa, akasema hapana, mnamlea vizuri."

Nikamfuata jikoni, alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu na mimi nikakaa kwenye kigoda cha pili. Sikujua nianze vipi, nikaanza na kile nilichokuwa nacho.

"Wini, ile kadi inaisha. Mpya nakuandika wewe. Baba atakuwa analipa getini."

"Hapana, mama mdogo, usimtoe baba."

"Baba hana shida. Hata haendi."

"Waache wadogo wafurahi tu. Mimi nilishazoea."

Hakuwa amenuna. Alisema kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. Machozi yakanitoka, nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu yule mama wa foleni, kuhusu aibu yangu, kuhusu maneno ya Tunduma. Nikamwambia nimekukosea mwanangu, nisamehe. Aliweka kisu chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mama mdogo. Umenilea, siwezi kusahau." Akanipa kanga yake nijifute. Kisha akaokota kisu akaendelea na viazi, maana bibi yake alikuwa na njaa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kulia kwake, kwa kununa kwake, hata kwa matusi. Msamaha sikujua niufanyie nini. Nilimwendea mama nikamwambia amlazimishe, yeye ndiye mkubwa wetu. Mama akajibu, "Nimlazimishe arudi, sawa, atarudi. Ni mtoto mtiifu. Halafu utafanya naye nini?" Nikamwonyesha begi na viatu. "Na mimi sina dawa yake, mwanangu," akasema, akainuka kwenda kuita kuku.

Nikarudi Mbeya peke yangu. Begi na viatu nilimwachia, alishukuru kwa mikono miwili.

Kadi tumeikata upya. Watoto walilia, na wale watu wa michezo walinipa punguzo kwa kuwa mteja mzuri. Sasa nyumbani tuko watano kweli, hakuna anayebaki nje. Jumapili nakaa kwenye ile meza nalinda mabegi mwenyewe. Mume wangu huwa ananiuliza akiwa barabarani, "Mhasibu wangu anarudi lini?" Namwambia yuko shule. Sijamweleza kwamba kulikuwa na nafasi ya Wini, nikaiandika jina lake yeye.

Nimejaribu kila njia. Nimetuma nauli aje likizo, akaitumia kumnunulia bibi yake dawa, akanitumia ujumbe wa kunishukuru. Nimemwomba mchungaji anishauri, akaniambia kama ameshasamehe basi jambo limekwisha. Wenzangu wananiuliza nalalamikia nini, mtoto ana adabu, anasoma, yuko kwa damu yake. Wote wanasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyenisaidia.

Wewe unayesoma, kama una mtoto wa ndugu yako ndani, usijidanganye kwamba ukimlisha na kumvisha umemaliza. Anaweza kukaa na njaa ya siku moja akasahau. Ila siku mtu baki atakapouliza nyumbani kwako mko wangapi, atasikiliza utakavyojibu kuliko alivyowahi kukusikiliza. Ukikosea hapo, usilale nalo. Mwombe radhi siku hiyohiyo, angali anakasirika, angali anataka kitu kwako. Ukichelewa utamkuta ameshajipanga kuishi bila wewe, na hutaona ugomvi wowote wa kusuluhisha.

Mimi wangu nampigia simu kila Jumamosi. Anapokea. Shikamoo mama mdogo, wadogo hawajambo, baba amefika wapi, bibi anakusalimia. Maneno yakiisha ananyamaza, anasubiri nikate, kwa sababu kwa adabu yake hawezi kumkatia simu mkubwa. Na mimi sikati. Nasikia kuku wa mama yangu kwa mbali, nasikia anavyopumua, tunakaa hivyo wote wawili mpaka salio langu linaisha.