Jini Aliyepanga Foleni

Miaka ile ya uhaba baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko tambarare, na kila alipopanda kwetu mlimani, Upare Kusini, alituletea alichobahatika kupata. Mara nyingi sabuni hakuna, sukari hakuna. Safari moja alileta kitabu chembamba cha karatasi ya kahawia, riwaya ya jini aliyeagizwa sukari na tajiri yake. Jini yule, na nguvu zake zote, alikwenda kupanga foleni kwenye duka la ushirika, akaambiwa arudi kesho.

Mama alitusomea barazani Jumapili baada ya ibada. Alicheka hadi akashindwa kuendelea, na majirani wakaja kuuliza kulikoni. Tangu hapo kila kitabu cha jini kilipotoka, baba alikitafuta.

Baadaye biashara huria ikaja. Maduka ya Same yakajaa bidhaa, na vitabu vya jini vikapata majalada ya kung'aa. Lakini jini mwenyewe alikuwa amepwaya. Alipanda ndege, akapigana na majambazi, akarudia vichekesho tulivyovijua kwa moyo. Mama aliendelea kuvisoma, ila kimya kimya.

Siku moja stendi ya Same mimi na mama tulimkuta mwandishi wa jini akiuza vitabu vyake mwenyewe. Tulimtambua kwa picha ya jaladani, ingawa alikuwa amezeeka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nami nikamuuliza kwa nini jini siku hizi hachekeshi. Mama akanifinya mkono.

Mzee hakukasirika. Alieleza kwamba zamani kila ukurasa alimsomea mkewe kwanza, na mkewe asipocheka, aliuchana. Mkewe alikuwa amefariki vitabu kadhaa nyuma.

"Sasa hakuna wa kuniambia nichane upi," alisema.

Mama hakumpa pole. Alianza kumsimulia ile foleni ya sukari, akimtia muuza duka lafudhi nzito ya Kipare. Wapiga debe wakasogea kusikiliza. Mzee akacheka kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza, kisha akatoa leso.

"Mzee wangu," mama alimwambia, "mwaka ule nyumbani kwangu hapakuwa na kitu, na tulicheka. Ahsante sana."

Tulinunua kitabu chake kipya. Wiki ile nilimsomea mama mpaka mwisho. Kilikuwa kibovu kwelikweli, na hatukuruka hata ukurasa mmoja.