Fundi wa Voi na Visanduku Vilivyogombania Umeme

MWANDA, 1984. Saa mbili asubuhi, ukungu bado umeukalia mlima. Philemon Mwandawiro amepiga magoti mbele ya kisanduku cha bati katika zahanati, macho kwenye mshale wa kipima umeme.

“Sista, waambie wawashe mashine ya unga,” anasema.

Muuguzi Tryphena Mkamburi habanduki mlangoni. “Una hakika, fundi? Friji hii ikizima tena, akina mama hawatarudi.”

Ana haki ya kuogopa. Miezi mitano iliyopita friji ilizima, na chanjo za surua za watoto sitini zikaharibika.

Mwandawiro, miaka arobaini na minne, ni fundi wa betri za reli mjini Voi. Siku za mapumziko hutengeneza visanduku vya kutuliza umeme. Mtambo mdogo wa mtoni unaozalisha umeme wa Mwanda ukizidisha au ukipunguza, friji inapata kiasi kilekile. Chuo kikuu hajakikanyaga, na vipuri huving'oa kwenye redio mbovu. Jamani, huyu mtu ana kichwa!

Alitengeneza viwili: cha friji, na cha mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama. Alivijaribu Voi kimoja kimoja, vyote vikawa safi. Huku mlimani, kwenye waya mmoja, vita vikaanza.

“Mashine ikiwaka, umeme unashuka kidogo,” anaeleza. “Cha friji kinaona kimepunjwa, kinavuta zaidi. Umeme unazidi kushuka, cha mashine nacho kinavuta. Vikavutana hivyo mpaka kila kitu kikazima. Kosa ni langu. Nilivipa kasi mno ya kuvuta umeme, na sikuvijaribu pamoja.”

Alivirudisha nyumbani, akaviunganisha, akavipunguzia kasi hiyo na kuvitilia akiba ndogo ya umeme ndani. “Wiki tatu tulikula jikoni,” anacheka mkewe, Edith. “Meza ilikuwa yake.”

Sasa mashine inanguruma ng'ambo ya njia. Mshale unashuka, unatikisika, unarudi volti mia mbili na arobaini na kutulia. Wanazima na kuwasha mara tano. Friji haizimi hata mara moja.

Mwandawiro ana ndoto ya kuwatengenezea wakulima wa Mboghoni visanduku vya pampu za maji. Lakini kwanza amechukua likizo ya wiki nzima alinde friji hii.

“Basi naagiza chanjo kutoka Voi,” anasema Tryphena. “Lakini akina mama utawaita wewe. Mimi walishaniamini mara moja.”

Fundi anajifuta mikono, anaomba orodha ya wale watoto sitini. “Nionyeshe nyumba ya kwanza, Sista.”