Mbegu Kumi na Mbili za Wifi

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu aliosha vyombo vya maabara katika shule ya sekondari: chupa, neli, bakuli bapa za kioo. Wanafunzi walimwita Mama Chupa, na jina likamfuata mpaka mtaani. Halimuudhi. Alijua kwamba neli iliyooshwa vibaya huharibu kazi ya mtu mwingine, kwa hiyo aliosha mara tatu, akasuuza kwa maji yaliyochujwa na kuzipanga zikauke vichwa chini. Walimu wapya walifundishwa naye kila kitu kinakaa wapi. Wale wa zamani walimuuliza.

Nyuma ya jiko lake kuna kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa nane. Hapo alikusudia, akistaafu, aweke kitalu cha yuforbia, mimea ya ukoo wa mnyaa, ile yenye utomvu mweupe unaochoma macho. Alikuwa nayo ya aina tisa, yote ya vipandikizi. Unakata tawi, unasuuza utomvu, unaacha kidonda kikauke wiki nzima, unachomeka mchangani. Kwake hilo halikuwa jambo la kujisifia. Mwenye kitalu, alisema, ni yule anayeotesha mbegu, na mbegu alizozitamani zilikuwa kwa wifi yake.

Wifi, dada mkubwa wa mumewe, hushona sare za shule mitaa miwili kutoka hapo. Kando ya cherehani yake kuna vyungu viwili vya yuforbia isiyo na tawi, jani wala mwiba. Ni duara tupu la kijivu na kijani, lenye mistari, mithili ya mpira ulioshonwa kwa vipande vinane. Kimoja dume, kingine jike. Mmea huo haugawanyiki, ukiukata, umeuua. Anayetaka wa kwake hana njia ila mbegu, nazo hukaa tatu tatu ndani ya tumba dogo ambalo likikauka hupasuka na kuzirusha mbali. Wifi humvisha jike kipande cha soksi ya nailoni ili zisimtoroke. Wateja wanaokuja kupimwa husahau sare na kuinamia vile vyungu, na wifi, futi ikiwa shingoni, humweleza kila mmoja upya, kana kwamba hajawahi kuulizwa.

Mama Chupa aliomba mbegu. Wifi akampa kumi na mbili ndani ya bahasha, tarehe ya kuvunwa ikiwa imeandikwa juu, akasema asije akamtangaza mtaani kwamba ni mchoyo.

Alichekecha mchanga, akauchanganya na changarawe, akauoka ili kuua kuvu. Akapanda mbegu moja moja kwa kibano, akafunika trei kwa kioo. Mbegu za aina hiyo, zikiwa mbichi, huchukua siku kumi hadi ishirini kuota. Alisubiri siku tisini. Hakikuchomoza kitu.

Mwaka wa pili alipewa kumi na mbili nyingine. Alibadili mchanga, akabadili maji, akahamisha trei kutoka upande wa jua la asubuhi. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alimbebea changarawe mpya kwa toroli. Kwa kujijaribu alipanda maharage kwenye trei ya pili, na yote yakaota. Alipomsimulia wifi, alijibiwa kwamba maharage huota hata kwenye pamba ya sikio. Utani wa mawifi hauna mwisho, na huyu alikuwa na ulimi.

"Mkono wako ni wa kuoshea chupa, wifi. Wa kuotesha ni mwingine."

Wakacheka wote wawili. Lakini yeye alirudi nyumbani akiutazama mkono wake. Miaka zaidi ya ishirini ya sabuni na tindikali: ngozi ya vidole ilikuwa laini na nyeupe, kucha zimelika. Alianza kupanda akiwa amevaa glavu.

Mwaka wa tatu mbegu tatu zilioza na tisa zikabaki jinsi zilivyokuwa. Kwa kipindi chote hicho alikuwa amepima joto la mchanga, chumvi ya maji, saa za jua. Alipima kila kitu isipokuwa zawadi. Zawadi haipimwi.

Mumewe alikuwa na gari bovu ambalo kwa muda mrefu alitaka kulijengea banda. Jioni moja aliuliza, kwa upole, kama kile kiwanja cha nyuma bado kina kazi. Akamjibu kwamba hakina. Kabla ya wiki kwisha mashimo manne ya nguzo yalikuwa yamechimbwa, na vyungu vyake tisa vimesogezwa ukutani.

Wakati huohuo wifi alikuwa akifagia baraza, akampa mshubiri uliodhoofika aliotaka kuutupa. Ulikuwa umekaa miaka kando ya yuforbia jike. Mama Chupa aliuweka mlangoni na kuusahau. Ulikuwa kwenye udongo mzito wa kufinyangia, hauna mchanga, hauna kioo, na ulimwagiwa maji ya kusuuzia vikombe.

Siku ya kumi na saba aliona, katikati ya majani mawili ya mshubiri, kitu cha kijani chenye ukubwa wa punje ya njegere. Kilikuwa na vijani viwili pembeni kama masikio. Alipiga magoti, akaleta lensi. Mistari ilikuwa imeshaanza kujichora.

Soksi ilikuwa imetoboka mahali. Mbegu moja ilirushwa, ikaangukia kwenye chungu cha jirani, ikahamia nyumbani kwake bila kukabidhiwa na mtu. Na ikaota chini ya mkono uleule.

Hakumwambia mtu. Alizichukua mbegu tisa zilizobaki, akaziloweka, na siku iliyofuata kwenye maabara akazipasua kwa wembe. Kando yake alipasua mbegu ya mnyonyo, jamaa wa yuforbia, apate cha kulinganishia. Ndani ya mnyonyo kulikuwa kweupe kama maziwa. Ndani ya zile tisa kulikuwa na rangi ya chai, laini, kitu kilichopikwa. Hata hapo alijizuia. Mbegu yaweza kuharibika kwa njia nyingi, alijiambia, na mtu huulizwa kabla ya kuhukumiwa.

Alimkuta wifi akipinda suruali za bluu.

"Wifi, mbegu unazitia kwenye nini kabla hujanipa?"

Cherehani haikusimama. Wifi alimaliza upindo, akakata uzi kwa meno.

"Maji ya moto," alisema. "Sio ya kuchemka."

"Mara zote tatu?"

"Sasa ningekupa nzima mwaka upi?"

Mama Chupa alimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba hataki kutoa. Wifi akasema angekasirika.

"Ningekasirika siku moja, wifi. Wewe umenifanya nijione sifai miaka mitatu."

Hapo mashine ilisimama. Wifi hakuomba radhi. Alisema Mama Chupa ana kazi yenye pensheni, ana mume, ana watoto wanaopiga simu. Yeye ana vyungu viwili. Ikiwa kila nyumba itakuwa na mipira ile, watu watakuja kwake kutazama nini, suruali? Kisha akasema, akiokota suruali nyingine, kwamba kama ni lawama zigawanywe vizuri.

"Kamuulize na mdogo wangu. Alinikuta jikoni na birika, mwaka wa kwanza."

Njia ya kurudi ni ya dakika nane. Alimkuta mumewe akipima nguzo kwa kamba. Hakuinua sauti, alimuuliza kama ni kweli. Mumewe hakuuliza kweli ipi, na kwa mwanamke aliyezoea kusoma matokeo, hilo lilikuwa jibu.

"Nilimwambia aache," alisema. "Akasema ataacha. Yule ni dada yangu, mama. Nikadhani utachoka mwenyewe."

"Na changarawe ulinibebea."

"Nilikuonea huruma."

Kwa wifi, anasema, alipata hasira anayoweza kuibeba. Wivu una sura, unaweza kuutazama. Kwa huyu hakuipata sura. Mtu alisukuma toroli mara nne kwenye jua, akijua hakuna kitakachoota, kisha akasubiri kiwanja.

Nguzo hazikusimamishwa. Alifukia mashimo mwenyewe, siku ya Jumamosi, na mumewe alikaa ndani akisikiliza koleo. Gari limebaki barabarani. Yeye na wifi wanasalimiana wakikutana. Wanaulizana afya, utani umekwisha. Katika nyumba yao watu wawili wanakula meza moja na kuambizana kuhusu luku ya umeme na bomba linalovuja.

Alistaafu mwezi wa sita. Mbegu za sasa ameziagiza kwa posta, kwa mtu asiyemfahamu, ambaye hana sababu ya kumpenda wala kumchukia. Ishirini zilifika. Alizipanda bila glavu. Kufikia siku ya kumi na tano zilikuwa zimechomoza kumi na nne, na hata hajui bado ipi dume na ipi jike. Hilo mmea hausemi mpaka uchanue, baada ya miaka mitano au zaidi.

Asubuhi moja mumewe alitoka na kikombe chake, akasimama mbali kidogo na meza ya trei. Mama Chupa alivuta gazeti juu ya kioo.

"Zimeota?" mumewe akauliza.

"Bado," alisema.